Mashimo Mawili Katika Parseli Moja

Wiki hii tunawaandikia juu ya jambo ambalo tulilificha kwa muda, maana lilitutia haya. Wengi wenu mnajua kwamba kundi letu lina nyumba za kupangisha hapa Lubumbashi, upande wa komine Annexe. Mara nyingi mmetuuliza: mlianzaje? Inalipa? Na sisi tunaweza? Tumewajibu kwa furaha juu ya matofali na mabati. Juu ya kisima hatukusema kitu. Leo tunasema.

Tulianza kama makundi mengi yanavyoanza, kwa likelemba. Tulikuwa wanawake ishirini, kila Jumamosi kila mmoja anatoa, mmoja anakula. Anayekula ananunua bidhaa za soko, analipa masomo ya watoto, au anamaliza deni. Siku moja mama mmoja mwenye kuuza unga akauliza: "Tunakula kwa zamu, lakini ni nini kinachobaki?" Swali lake lilitukalia moyoni. Tukakubaliana kila mmoja aongeze franga kidogo juu ya zamu yake, ziwekwe kando, zisiguswe kwa harusi wala kwa kilio.

Baada ya miaka mitatu tulinunua parseli ya mita 20 kwa 25. Ndani yake kulikuwa na kichuguu kikubwa. Wanaoijua Lubumbashi wanajua kwamba udongo wa kichuguu ndio mzuri kwa matofali ya kuchoma. Tulifyatua matofali yetu wakati wa kiangazi, tukapanga tanuru, tukachoma. Tulijenga nyumba mbili ndogo za vyumba viwili viwili, tukachimba kisima, tukachimba choo. Wapangaji walikuja kabla rangi haijakauka. Tukaanza kuhesabu matofali ya nyumba ya tatu.

Mtoto aliyetufungua macho

Ilikuwa mwezi wa pili, mvua ikiwa kali. Mtoto wa mpangaji wetu, wa mwaka mmoja na nusu, aliharisha siku tatu. Mama yake alimkimbiza kwenye kituo cha afya. Walimpa ule unga wa SRO wa kuchanganya na maji safi, na Mungu akasaidia, mtoto akapona. Lakini wiki tatu baadaye akaugua tena, na safari hii pamoja na dada yake. Muuguzi akamuuliza yule mama swali moja tu: "Maji ya kunywa mnateka wapi?"

Mama yule hakuja kutugombeza. Alikuja kulipa nyumba kama kawaida, akatueleza habari hiyo kwa upole, kisha akasema labda mwisho wa mwezi atahama. Upole wake ndio uliotuumiza.

Tulikwenda kwenye parseli, watu watano, tukapima kwa miguu. Kutoka kisima hadi choo zilikuwa hatua kumi na moja, na choo kilikuwa upande wa juu. Hakuna aliyetudanganya. Siku ya kuchimba tulikuwapo wote. Fundi alituuliza tunataka choo wapi, nasi tukamwonyesha kona ile kwa sababu tulitaka kuacha nafasi mbele kwa ajili ya nyumba ya tatu. Tulifikiri juu ya kodi ya nyumba ambayo haijajengwa, tukasahau maji ya watoto watakaokaa katika zile zilizojengwa.

Kuna jambo jingine ambalo hatukulifikiri. Tulichimba mwezi wa tisa, ardhi ikiwa kavu. Wakati ule maji ya kisima yalikuwa chini sana, na shimo la choo lilikuwa kavu kabisa. Lakini katika mji wetu maji ya ardhini yanapanda wakati wa mvua. Mwezi wa pili kamba ya ndoo inakuwa fupi. Maji yakipanda hivyo, yanafika karibu na chini ya choo, au yanaingia ndani yake. Shimo lililokuwa kavu mwezi wa tisa, mwezi wa pili linaogelea. Na maji hayajui mpaka wa kisima na choo.

Mkutano mrefu

Jumamosi iliyofuata hatukula likelemba. Tulibishana. Kwenye sanduku kulikuwa na pesa za mabati na simenti ya nyumba ya tatu, jasho la miaka miwili. Wengine walisema: wapangaji wachemshe maji, kila mtu anachemsha. Wengine walisema: mpangaji akihama, mwingine atakuja kesho, nyumba hazitoshi katika mji huu. Maneno hayo yalikuwa na ukweli, hatuwezi kuwahukumu waliosema. Mmoja wao ni mjane mwenye watoto watano, naye alikuwa akingojea faida ile kwa ajili ya masomo.

Ndipo mama mkubwa kuliko sisi wote, ambaye husema kidogo, akauliza: "Mjukuu wako akija likizo, utamnywesha maji ya kisima kile?" Hakuna aliyejibu. Akasema tena: "Basi tumeuza kitu ambacho hatuwezi kukila sisi wenyewe."

Tulikata shauri siku ile. Nyumba ya tatu ingoje. Pesa za mabati ziende kwenye choo na maji.

Tulichofanya

Wataalamu wa maji wanashauri choo kiwe mbali na kisima angalau mita 30, kiwe upande wa chini wa mteremko, na chini ya shimo pabaki angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu kabla ya kufikia maji, hata wakati wa mvua. Sasa pimeni wenyewe: parseli ya mita 20 kwa 25, utazipata wapi mita 30? Na hata ukizipata kwako, choo cha jirani kiko nyuma ya ukuta wako. Huo ndio ukweli wa parseli zetu za mji. Hatukuweza kulimaliza tatizo, tuliweza kulipunguza.

Kwanza, kisima tulikitoa katika maji ya kunywa. Sasa ni cha kufua, kuosha sakafu na kumwagilia mboga. Tulikijengea ukingo na kifuniko, na tukawaeleza wapangaji wote sababu bila kuficha. Pili, tulifukia choo cha zamani, tukajenga kipya kwenye kona ya chini, shimo fupi zaidi lakini pana, lililojengwa kwa matofali ndani, na sakafu iliyoinuliwa ili maji ya mvua yasiingie. Shimo fupi linajaa mapema, na kuliondoa uchafu ni gharama. Gharama hiyo tumeiandika katika hesabu ya kila mwaka. Tatu, maji ya kunywa yanatoka kwenye bomba la avenyu, yanawekwa katika bidoni yenye kifuniko, na yanatiwa dawa ya klorini au yanachemshwa. Nne, tuliwaalika majirani wa pande zote nne. Tuliwaonyesha kilichotupata, nao wawili walikwenda kupima hatua zao. Sasa tunazungumza nao juu ya kuchangia kisima kirefu cha pampu, kimoja kwa avenyu nzima. Afya ya parseli yako haiishii kwenye ukuta wako.

Mpangaji yule hakuhama.

Mambo ya kuangalia kabla ya rangi

Baada ya hapo tulizunguka nyumba zetu wenyewe kwa macho mapya, na hata nyumba tunazokaa. Tunawapa tuliyojifunza.

Moshi. Wengi wetu tunapika kwa makala. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Makala hayatoi moshi mwingi kama kuni, na hapo ndipo hatari inapojificha: yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mnajua baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba. Mnajua pia kuna watu wanaoingiza mbabula chumbani wapate joto, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Wengine hawaamki. Mama, mbabula isilale ndani, hata kama makala yanaonekana yamekuwa majivu. Ukijenga, jenga kibanda cha kupikia nje, chenye paa na pande mbili wazi. Mpangaji asiye na mahali pa kupikia mvua ikinyesha atapikia chumbani, na kosa litakuwa la aliyejenga.

Hewa na jua. Chumba kiwe na madirisha mawili katika kuta mbili, ikiwezekana zinazotazamana, ili hewa iingie huku itoke kule. Dirisha moja dogo halitoshi kwa watu watano. Nchi yetu ni kati ya zile zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na ugonjwa huo unapenda vyumba vya giza vilivyojaa watu na visivyo na hewa. Dirisha la pili linagharimu mbao kidogo na kazi ya siku moja. Hakuna dawa ya bei hiyo.

Mbu. Kati ya ukuta na mabati mafundi wengi wanaacha wazi. Mbu wanapita hapo. Tulipaziba kwa wavu mwembamba, na madirisha pia, hivyo hewa inapita na mbu anabaki nje. Chandarua cha kitandani kibaki palepale. Wavu wa dirisha ni mlango wa kwanza tu.

Sakafu. Ikiwa pesa hazitoshi kwa kila kitu, anza na sakafu kabla ya lipu ya nje. Tunasema hivyo kwa sababu kuna nchi iliyojaribu na kupima. Huko Mexico, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 mpango ulioitwa Piso Firme wa kuwapa maskini sakafu ya simenti badala ya udongo. Watafiti walipolinganisha watoto, waliona kwamba nyumba iliyobadilishiwa sakafu yote ilikuwa na minyoo pungufu kwa asilimia 78, kuhara pungufu kwa asilimia 49, na upungufu wa damu uliopungua kwa asilimia 81. Na akina mama wa nyumba hizo walikuwa na furaha zaidi. Mtoto anayetambaa anakula anachokigusa. Sakafu inayoweza kuoshwa ni sahani yake safi.

Udongo wa mgodi. Sisi wa Katanga tuna jambo letu la pekee. Usijaze parseli kwa mchanga au mawe yanayotoka kwenye mabaki ya migodi na viwanda, hata kama gari linaletwa kwa bei ya chini. Mabaki hayo yanaweza kubeba risasi na madini mengine yanayoharibu akili na figo za watoto. Uliza mchanga unatoka mto gani. Asiyeweza kukujibu, usinunue kwake.

Karatasi

Nyumba yenye afya katika parseli isiyo yako ni zawadi kwa mtu mwingine. Hapa wamama wengi wanalia. Tuseme wazi yale ambayo sheria inasema.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ya Kongo ni mali ya Dola. Sisi tunapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja: cheti cha kuandikishwa, ambacho wengi tunakijua kwa Kifaransa kama certificat d'enregistrement. Fishi ya parseli ya komine, karatasi ya mauzo iliyotiwa saini mbele ya mashahidi, hata muhuri wa chefu, hizo ni hatua za njia. Hazijafika mwisho wa njia. Kabla ya kutoa franga ya kwanza, nenda wewe mwenyewe kwenye ofisi ya kadastre na ya hati za ardhi, na namba ya parseli mkononi, uulize imeandikwa kwa jina la nani. Wanaouza parseli moja mara mbili wanategemea haya yetu ya kuuliza.

Mama mwenye ndoa, jua hili pia. Zamani sheria ilikutaka upate ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyorekebisha Kanuni ya Familia iliondoa ruhusa hiyo. Sasa mume na mke wanapaswa kukubaliana, wote wawili, kila mmoja kwa mwenzake. Ikiwa mmejenga pamoja, majina yote mawili yaandikwe. Na ndoa yenu iandikishwe kwenye ofisi ya serikali, kwa maana mjane mwenye ndoa iliyoandikishwa ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake, hata kama wakwe wanakuja na kufuli. Kufuli si sheria.

Na kundi? Likelemba haina jina mbele ya sheria. Mkiandika parseli kwa jina la mwenyekiti, mwenyekiti akifariki watoto wake ndio warithi, wala si ninyi. Kabla ya kununua, kundi lijiandikishe kama ushirika au shirika lenye utu wake wa kisheria, na mtu wa sheria awasaidie kuchagua. Sisi tulinunua kwanza tukajiandikisha baadaye, na tulilala vibaya miezi mingi.

Faida inahesabiwaje

Wengi wanahesabu hivi: kodi ya mwezi mara kumi na mbili, hiyo ndiyo faida. Siyo. Ondoa kodi ya serikali juu ya mapato ya nyumba, ondoa kusafisha choo, ondoa mabati yaliyong'olewa na upepo, ondoa miezi ambayo chumba kinakaa kitupu. Kinachobaki ndicho chenu. Sisi tunaweka kando sehemu moja ya kumi ya kila kodi kwa matengenezo, na hatuigawi hata mwisho wa mwaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Juu ya garanti, sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema kwamba kwa nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Tunajua wengine wanadai sita na hata zaidi. Sisi tunachukua mitatu, tunaandika mkataba, na tunaiweka pesa hiyo mbali kwa sababu si yetu: mpangaji akitoka vizuri anairudishiwa.

Tukitazama daftari letu, tunaona jambo moja. Kabla ya choo kipya, wapangaji walikuwa wakikaa miezi sita, saba, kisha wanahama. Kila mara chumba kilikaa kitupu, rangi ikapakwa upya, pesa zikatoka. Tangu tulipotengeneza, familia mbili ni zilezile. Mgonjwa hawezi kufanya kazi, asiyefanya kazi hawezi kulipa nyumba. Mzima analipa kwa wakati na anaangalia mali yako kama yake. Hatukufanya yale kwa ajili ya faida, tulifanya kwa sababu ya swali la mama mkubwa. Lakini daftari nalo limemkubalia.

Kazi ya wiki hii

Wamama, hatuwaombi mjenge leo. Tunawaomba kitu kisicho na gharama. Kabla ya Jumamosi, simama kwenye kisima chako, au cha mwenye nyumba wako, hesabu hatua hadi choo kilicho karibu, na angalia kipo juu au chini ya mteremko. Usisahau choo cha jirani. Andika namba hiyo, uje nayo kwenye mkutano. Tutaziandika zote kwenye karatasi moja, avenyu kwa avenyu, na karatasi hiyo tutaipeleka kwa chefu wa kartie tukiwa wengi, tuone ni wapi kisima cha pampu kinahitajiwa kwanza.

Ikiwa namba yako ni ndogo kama ile yetu, usione haya. Funika kisima, chemsha maji ya kunywa tangu leo, kisha njoo tuongee.

Nyumba ya tatu? Msingi umechimbwa kiangazi hiki. Imekuwa ndogo kuliko tulivyotaka, kwa sababu sehemu ya nafasi yake imechukuliwa na choo kipya. Mama mkubwa alikuja kuuona msingi, akazunguka, akauliza mbabula itakaa wapi. Tukamwonyesha. Akaketi juu ya matofali, akaomba maji ya kunywa, na mtoto wa mpangaji, yule yule, sasa anakimbia, ndiye aliyemletea kikombe.